WP-CLI kwa blogu iliyohamishwa folda ikapoteza kanzidata: chombo cha kushika mwanzo

Mtu akihamisha folda ya WordPress, akafungua blogu yake akakuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja tu wa kumwambia kwamba muunganisho wa kanzidata (database) umeshindikana, chombo cha kushika mwanzo ni WP-CLI. Tunaiweka mbele ya phpMyAdmin (ukurasa wa brauza wa kuhariri kanzidata), mbele ya plagini zote za kuhamisha tovuti, na mbali kabisa na kile kitufe cha kusakinisha WordPress upya ambacho wengi hukikimbilia na ambacho aghalabu ndicho kinachoharibu kilichokuwa kizima. Ni programu ya bure, leseni yake ni MIT, imekuwapo tangu 2011, na inakuwezesha kuiamrisha WordPress kwa maandishi kutoka teminali (dirisha la kuandika amri) ya seva bila kupitia brauza.

Hapa Unguja na Pemba tatizo huja kwa njia zile zile. Mwenye nyumba ya wageni Jambiani alianzisha blogu ndani ya folda ya /blogu, sasa anataka iwe ndiyo tovuti yenyewe. Fundi wa Darajani ametengeneza tovuti ya mteja kwenye folda ya majaribio, siku ya kuizindua anaburuta mafaili yote hadi public_html, folda inayoonekana na wageni wa tovuti. Mwendesha ziara za viungo Kizimbani amehama kampuni inayohifadhi tovuti yake na jina la akaunti limebadilika. Wote wanaishia kwenye ukurasa ule ule mweupe, na msimu wa Julai na Agosti ukiwa umekaribia, kila saa ya tovuti kuzimika ni wageni wanaokwenda kuweka nafasi kwa jirani.

Jambo la kushika kabla ya kuandika amri yoyote: makala zako hazimo ndani ya folda uliyoihamisha. Folda ina mafaili ya WordPress, themu, plagini na picha. Makala, maoni, kurasa, majina ya watumiaji na mipangilio vimo kwenye kanzidata ya MySQL au MariaDB, ambayo inakaa pahala pake kwenye seva na haina habari kwamba umehama. Kisima hakihami kwa kuwa mwenye nyumba kahamia chumba cha pili. Kilichokatika ni kamba ya ndoo. Kamba hiyo ni faili moja, wp-config.php, lenye mistari minne inayohusika: DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST. Kuhama folda kwenyewe hakuigusi kanzidata. Kinachotokea ni kwamba wakati wa kuhama, faili hili limebaki nyuma, au limefunikwa na jingine, au limekuja na maneno ambayo seva mpya haiyatambui.

Ndiyo maana tunaipenda WP-CLI kwa kazi hii hasa. Inasoma wp-config.php lile lile ambalo tovuti inalisoma, kwa kufuata utaratibu ule ule wa kulitafuta. Mtu anayefungua phpMyAdmin kutoka cPanel (paneli ya kuendeshea akaunti ya hosting) huingia kwa nywila ya akaunti yake, anaona majedwali yote yamo salama, anabaki kujiuliza mbona tovuti haifunguki. phpMyAdmin haijapita mlango ambao tovuti inaupita. WP-CLI inapita humo humo, na ikigonga ukuta inakwambia ni ukuta gani.

Kuipata

Kampuni nyingi za hosting zenye cPanel zimekwisha kuiweka. Fungua Terminal ndani ya cPanel, au ingia kwa SSH (njia ya kufungua teminali ya seva ukiwa mbali), andika wp --info. Ikijibu kwa kutaja toleo la PHP na njia za mafaili, unayo. Isipojibu, unaiteremsha mwenyewe bila kuwa na mamlaka ya juu ya seva:

curl -O https://raw.githubusercontent.com/wp-cli/builds/gh-pages/phar/wp-cli.phar
php wp-cli.phar --info

Ni faili moja lisilofika megabaiti 10, na linateremshwa na seva moja kwa moja kutoka intaneti ya huko iliko, si kwa bando lako. Liache kwenye folda yako ya nyumbani, nje ya public_html. Tangu hapo badala ya wp unaandika php ~/wp-cli.phar, mengine yote ni sawasawa.

Suala la bando si dogo. Kurasa za phpMyAdmin ni nzito, na dashibodi ya WordPress ni nzito zaidi. Kwa mtu aliye Wete au Mkoani anayetumia intaneti ya simu yenye mtandao wa kupanda na kushuka, kila kubofya ni kusubiri. Amri ya WP-CLI ni herufi chache zinazokwenda na mistari michache inayorudi. Simu ya Android yenye Termux (app ya teminali) inatosha kabisa: pkg install openssh, halafu ssh na jina la akaunti na seva. Kumbuka tu kwamba baadhi ya kampuni hutumia namba ya mlango tofauti na 22 ya kawaida, na hiyo huwa imeandikwa kwenye barua pepe ya kufunguliwa akaunti.

Uchunguzi wenyewe

Ingia ndani ya folda mpya ilikohamia blogu, kisha uliza swali la kwanza:

wp config path

Amri hii inakujibu kwa mstari mmoja: wp-config.php inayotumika iko wapi. Inaonekana kitu kidogo, lakini ndipo nusu ya matatizo yanapojulikana. WordPress hutafuta faili hili ndani ya folda yake. Isipolikuta, hupanda ngazi moja juu na kulitafuta huko, kwa sharti kwamba huko juu hakuna faili la wp-settings.php, yaani hakuna WordPress nyingine. Mafundi waangalifu huliweka hapo juu kwa makusudi ya usalama. Sasa folda ikihamishwa peke yake kwenda ndani zaidi au pembeni, wp-config.php linabaki lilipokuwa na WordPress hailioni tena.

Ukijibiwa kwamba faili halikupatikana, lirudishe kutoka folda ya zamani na usiguse kitu kingine. Na lirudishe upesi, kwa sababu WordPress isiyo na wp-config.php humwonesha kila anayefungua anwani yako ule ukurasa wa kuanza usakinishaji. Mpita njia anaweza kuujaza kwa kanzidata yake mwenyewe na blogu ikawa mali yake.

Ukijibiwa njia sahihi lakini tovuti bado imekufa, soma faili hilo linasema nini:

wp config get DB_NAME
wp config get DB_USER
wp config get DB_HOST

Ziulize moja moja. Ipo amri ya wp config list inayotoa yote kwa pamoja, ila inaandika na nywila wazi kwenye skrini, na teminali ya kompyuta ya watu si pahala pa kuanika nywila. Ukiona DB_USER ni root na DB_NAME ni jina fupi lisilo na jina la akaunti mbele yake, basi faili lililokuja ni la kompyuta ya fundi, la XAMPP (seva ya majaribio ya kwenye kompyuta). Ukiona jina la kanzidata usilolijua, kuna uwezekano mkubwa kwamba public_html ilikuwa na WordPress ya zamani, mafaili yakahamishiwa juu yake, na wp-config.php ya zamani ikaachwa isifunikwe.

Kisha amri inayobeba thamani ya chombo kizima:

wp db check

Brauza inakupa sentensi moja ile ile kwa kila kosa. Amri hii inakuletea jibu la MySQL yenyewe pamoja na namba yake, na namba hiyo ndiyo dawa.

1045 maana yake jina la mtumiaji au nywila si sahihi. cPanel haikuoneshi nywila ya zamani ya mtumiaji wa kanzidata, inakuruhusu kuibadilisha tu. Nenda MySQL Databases, shuka hadi kwenye orodha ya watumiaji, weka nywila mpya, halafu iandike kwenye tovuti:

wp config set DB_PASSWORD 'nywila-mpya-hapa'

Alama za kunukuu ziwe zile za moja moja. Nywila zinazotengenezwa na cPanel hujaa alama za dola na mshangao, na teminali ikikutana na alama ya dola nje ya kunukuu kwa moja, inaila kabla WP-CLI haijaiona. Unabaki na 1045 ile ile ukadhani umekosea kwengine. Ukimaliza, futa historia ya teminali kwa history -c.

1044 inafanana nayo lakini dawa ni nyengine: mtumiaji yupo na nywila ni sahihi, ila hajapewa ruhusa juu ya kanzidata hiyo. Hii huwapata sana wanaotengeneza kanzidata na mtumiaji kwenye cPanel na kusahau hatua ya tatu, ya kumwongeza mtumiaji kwenye kanzidata na kumpa ruhusa zote.

1049: kanzidata ya jina hilo haipo. Kwa waliohama akaunti, hapa ndipo penye siri, hata kama namba waliyoiona ni 1045. cPanel hutanguliza jina la akaunti na mstari wa chini kabla ya jina la kanzidata na kabla ya jina la mtumiaji. Akaunti ikibadilika jina, majina yote mawili yanabadilika, na wp-config.php inabaki na ya zamani. Sahihisha DB_NAME na DB_USER pamoja. Kusahihisha moja tu hakutoshi: jina la mtumiaji likibaki la zamani, jibu litakuwa 1045.

2002 ni seva ya MySQL haikupatikana pale ilipotafutwa. Kama maelezo yanasema faili halipo, kinachotafutwa ni faili la soketi (mlango wa ndani wa kuingilia MySQL): neno localhost humaanisha kupita kwenye soketi, na njia ya soketi hiyo huenda ikawa tofauti kwenye seva mpya. Jaribu kuweka 127.0.0.1 kwenye DB_HOST, ambayo hupita mtandao wa ndani badala ya soketi. Isipofaa, angalia kama kampuni yako inatumia seva ya pekee ya kanzidata yenye jina lake. Kama ni hiyo MySQL yenyewe iliyolala, hapo huna la kufanya ila kuwaandikia watu wa hosting, na sasa unawaandikia ukiwa na namba ya kosa mkononi, si "tovuti yangu haifunguki".

Kuna hali moja inayochanganya watu kwa sababu haitoi kosa lolote: tovuti inafunguka kwenye ukurasa wa usakinishaji ilhali wp db check inasema kila kitu ni salama. Hapo tazama kiambishi cha majedwali. Andika wp config get table_prefix, kisha wp db query "SHOW TABLES". Ikiwa majedwali yanaanza na wpzn_ na faili linasema wp_, WordPress inaona kanzidata tupu. Sahihisha kiambishi. Usijaze fomu ile, maana utajipatia blogu mpya tupu pembeni ya blogu yako kamili.

Kanzidata imerudi, anwani bado

Hapa ndipo WP-CLI inapowaacha mbali washindani wake. Muunganisho ukishapona, mara nyingi ukurasa wa mwanzo unafunguka bila rangi wala picha, au kila kiungo kinakurudisha kwenye folda ya zamani. Anwani ya zamani imeandikwa ndani ya kanzidata kwa mamia ya pahala: kwenye siteurl na home ndani ya jedwali la wp_options, ndani ya makala, kwenye anwani za picha, kwenye mipangilio ya themu.

Wengi hufungua phpMyAdmin na kuandika amri ya SQL ya kubadilisha neno kwa neno kote. Matokeo yake ni kupotea kwa wijeti na mipangilio ya themu kurudi mwanzo, na mtu hajui kwa nini. Sababu inaonekana ukiitazama data kwa karibu. Mipangilio mingi ya WordPress huhifadhiwa kwa namna hii:

s:25:"https://mfano.co.tz/blogu"

Ile 25 ni hesabu ya herufi zilizo ndani ya alama za kunukuu. Ukiondoa /blogu kwa SQL ya kawaida, anwani inabaki na herufi 19 lakini hesabu bado inasema 25. PHP ikija kusoma inaona hesabu hailingani, inaukataa mpangilio wote, si anwani peke yake. WP-CLI inaifungua data, inabadilisha anwani, inahesabu upya na kuandika s:19. Bekapu kwanza, kisha jaribio lisiloandika kitu, kisha kazi yenyewe:

wp db export ~/kabla.sql
wp search-replace 'https://mfano.co.tz/blogu' 'https://mfano.co.tz' --skip-columns=guid --report-changed-only --dry-run

Jedwali linalorudi linakuonesha kila jedwali la kanzidata lenye mabadiliko, safu yake, idadi ya mabadiliko na kama yangefanywa kwa SQL au kwa PHP. Zilizoandikwa PHP ndizo zile zenye data ya kuhesabiwa. Ukiridhika, rudia amri bila --dry-run. Safu ya guid inaachwa kwa sababu ni kitambulisho cha kudumu cha makala; ikibadilika, wasomaji wanaopokea makala kwa RSS wataziona za zamani zote kama mpya.

Mitego ipo, na huu wa kwanza ndio mbaya zaidi. Ukihama kutoka folda kwenda juu, kuirudia amri hakuna madhara. Lakini ukihama kutoka juu kuingia kwenye folda, anwani ya zamani imo ndani ya anwani mpya. Ukiirudia amri, au umeme ukikatika katikati ya kazi, teminali ikafa na wewe ukaanza upya, utapata /blogu/blogu kwenye sehemu zilizokwisha kubadilishwa. Kwa visiwa vyetu hili si jambo la kufikirika. Fungua screen au tmux kwenye seva kabla ya kuanza, ili kazi iendelee hata laini ikikatika. Na kama limeshatokea, amri ya kubadilisha 'mfano.co.tz/blogu/blogu' kuwa 'mfano.co.tz/blogu' inalisafisha.

Wa pili ni wajenzi wa kurasa kama Elementor, ambao huhifadhi anwani ndani ya JSON (muundo wa kuandika data) yenye mikwaju ya nyuma: https:\/\/mfano.co.tz\/blogu. Utafutaji wa kawaida haupati kitu. Rudia amri kwa umbo hilo, ndani ya kunukuu kwa moja. Pia tafuta umbo la http, na lenye www, kama blogu ni ya zamani.

Wa tatu: kama kwenye wp-config.php kuna WP_HOME na WP_SITEURL, hizo zinaishinda kanzidata. Unaweza kubadilisha kila kitu na tovuti ikaendelea kukupeleka folda ya zamani. Andika wp config get WP_HOME. Ikitoa jibu, isahihishe kwa wp config set. Kinyume chake ni faida: ukiwa na haraka ya kuirudisha tovuti hewani wageni wafungue fomu ya kuweka nafasi, weka hizo mbili kwanza kisha fanya kazi ya kubadilisha anwani usiku kwa utulivu.

Mabaki ya njia ya folda

Haya si ya kanzidata lakini hutokea siku ile ile na hulaumiwa kanzidata. Faili la .htaccess, lenye maagizo ya viungo kwa seva, linaanza na nukta, kwa hivyo File Manager ya cPanel hailioneshi mpaka uwashe mafaili yaliyofichwa, na aliyechagua yote na kuyaburuta ameliacha. Dalili yake ni kwamba ukurasa wa mwanzo unafunguka na makala zote zinatoa 404. Na likija, linakuja na RewriteBase ya /blogu/. Dawa rahisi ni kuingia kwenye dashibodi, mipangilio ya viungo vya kudumu, na kuhifadhi bila kubadilisha kitu. WordPress inaliandika upya. WP-CLI nayo ina wp rewrite flush --hard, lakini bila faili la wp-cli.yml linalotaja mod_rewrite haiandiki .htaccess, kwa hivyo kwa hili tunapendelea dashibodi.

Plagini za usalama na za kache huandika njia kamili ya folda kwenye mafaili yao. Wordfence, kwa mfano, huweka kwenye .user.ini mstari wa auto_prepend_file unaoelekeza kwenye wordfence-waf.php kwa njia yake nzima. Folda ikihama, PHP inatafuta faili pasipokuwapo na tovuti yote inazimika kwa kosa la 500. WP-CLI hapo inaendelea kufanya kazi kwa sababu PHP ya teminali haisomi .user.ini, na hilo lenyewe ni kidokezo: amri za wp zikifaulu na brauza ikitoa 500, fungua .user.ini. Seva hushikilia yaliyomo humo kwa muda, dakika 5 kwa mpangilio wa kawaida, basi ukiufuta ule mstari subiri kidogo kabla ya kukata tamaa. Kwa kache, futa faili la wp-content/advanced-cache.php na uiwashe plagini upya.

Upungufu wake

Si chombo kisicho na kasoro, na mbili kati ya hizo zinawagusa hasa watu wenye hosting ya bei nafuu.

Kwanza, amri nyingi za wp db, zikiwamo check na export, huita programu za MySQL za seva kupitia proc_open ya PHP. Kampuni nyingi huifunga kazi hiyo kwa usalama. Hapo WP-CLI itakataa waziwazi ikisema proc_open imezimwa. Amri za config na search-replace bado zinafanya kazi. Bekapu ndiyo utakayolazimika kuitoa kwa phpMyAdmin.

Pili, PHP ya teminali huenda si ile ya tovuti. Toleo linaweza kuwa jengine, na njia ya soketi jengine. Mara chache utaona wp inasema kila kitu kizuri na brauza bado inatoa kosa la kanzidata. Linganisha toleo la wp --info na lile lililochaguliwa kwenye cPanel. Yakitofautiana, ita PHP sahihi kwa njia yake kamili mbele ya wp-cli.phar.

Zaidi ya hayo, plagini mbovu inaweza kuiangusha WP-CLI kama inavyoiangusha tovuti. Ongeza --skip-plugins --skip-themes kwenye amri na itapita. Wenye seva zao wasiiendeshe kama root (mtumiaji mkuu wa seva). Iendeshwe kwa jina la mwenye mafaili, kwa mfano sudo -u www-data kwenye Ubuntu. Na amri zake hazina kurudi nyuma. Ukiandika vibaya anwani mpya, kilichobaki ni ile kabla.sql.

Vyombo vingine

phpMyAdmin tunaipa nafasi ya pili, tena kwa heshima. Kwa asiye na SSH wala Terminal ndiyo njia ya karibu, na kwa kubadilisha siteurl na home tu haina hatari, kwa kuwa mistari hiyo miwili si data ya kuhesabiwa. Fungua wp_options, irekebishe, ingia kwenye dashibodi, kisha tumia Better Search Replace kwa yaliyobaki. Plagini hiyo inahesabu upya kama WP-CLI, na ina kisanduku cha kujaribu bila kuandika. Kasoro yake ni kwamba inahitaji dashibodi ifunguke, yaani haikusaidii kabisa wakati muunganisho umekatika.

Ile skripti ya Search Replace DB inayopakiwa kwenye folda na kufunguliwa kwa brauza hatuipendekezi kwa mtu asiye makini. Inafanya kazi vizuri, lakini ikisahauliwa kwenye seva, yeyote anayejua anwani yake anaweza kuandika ndani ya kanzidata yako.

Na kuna hali ambayo WP-CLI itakuonesha tu mlango ulipofungwa: wenye seva zao waliohamisha folda ya MySQL yenyewe, /var/lib/mysql, kwenda diski nyengine. Utaona 2002 na huduma haiwaki. Kwenye Ubuntu mambo ni matatu. Folda mpya iwe mali ya mysql:mysql. datadir kwenye mysqld.cnf ielekezwe huko. Na AppArmor, ambayo ndiyo inayosahauliwa karibu kila mara, ipewe mstari wa alias kwenye /etc/apparmor.d/tunables/alias kisha iwashwe upya, la sivyo inaizuia MySQL kusoma folda mpya hata kama ruhusa za mafaili ni sahihi. Zima huduma kabla ya kunakili. Kunakili kanzidata inayoandikwa ni kupata nakala iliyovunjika.

Ukimaliza yote, weka kwenye .htaccess ya juu mstari wa kuwapeleka wageni wa viungo vya zamani kwenye anwani mpya, maana Google na tovuti za safari zitaendelea kuwaleta kwenye folda isiyokuwapo:

RedirectMatch 301 ^/blogu/(.*)$ /$1

Kisha andika ls ndani ya public_html utazame kama kuna faili lolote la .sql. Ukiandika wp db export bila kutaja njia, faili huwekwa pale pale ulipo, na ndani ya public_html yeyote anayelibahatisha jina lake analiteremsha, likiwa na barua pepe za wasomaji na nywila zilizosimbwa za watumiaji wote. Lihamishie folda ya nyumbani au lifute.